Koti la Mtu Asiyejulikana

Siku hizi mtu akitaka koti anaingia dukani, anapekua ukosi kutafuta herufi, basi anatoka nalo. Herufi moja ndiyo inayomweleza yeye ana ukubwa gani. Zamani hukuwa mkubwa wala mdogo. Ulikuwa wewe, na bega lako moja lililoshuka kwa kubeba magunia, na aliyelijua bega hilo ni Futikamba.

Futikamba ni fundi cherehani wa mtaa wetu. Jina hilo alipewa kwa sababu kamba ya kupimia haijatoka shingoni mwake tangu angali na nywele. Mkewe huapa kwamba alioa nayo. Ameshona suti za kiume miaka arobaini na minne. Leo anafupisha suruali na kubadilisha zipu. Makoti aliyowashonea watu yamekwisha yote: mengine yamezikwa pamoja na wenyewe, mengine yanafutiwa baiskeli.

Mwaka jana wakafungua ukumbi wa picha za kuchora katika jengo la posta ya zamani, maana barua nazo hakuna anayeandika tena. Aliyeleta habari ni kinyozi, kaka wa mke wa Futikamba.

"Shemeji, kuna koti lako kule ukumbini. Limechorwa."

"Umejuaje ni langu?"

"Mfuko wa kifuani umelala upande kama mlevi. Nani mwingine anashona hivyo? Ila pole, shemeji. Umelifunga kike."

Kwa wasiojua, na siku hizi wasiojua ndio wengi: koti la kiume, upande wa kushoto hulala juu ya ule wa kulia. La kike ni kinyume chake. Fundi akikosea hapo ni kama daktari aliyekata mguu usiouma. Na kabla ya adhuhuri, kila kichwa kilichonyolewa siku ile kilikuwa na habari hiyo.

Tulikwenda wawili, yeye na mimi jirani yake. Ilikuwa picha ya mtu ameketi, imepakwa mbio mbio: shavu la buluu, jicho moja la kijani, na la pili mchoraji alighairi. Mchoraji mwenyewe tulimjua, yule marehemu aliyekuwa akiishi juu ya duka la dawa. Lakini kibao kilisema aliyechorwa ni "Mtu asiyejulikana". Futikamba hakujali uso. Alivua kamba shingoni akaanza kazi.

"Babu! Picha haiguswi!" Binti mwangalizi alikuja mbio.

"Siigusi, mwanangu, naipima. Ukosi ni wangu, mfuko ni wangu, ingawa umehamia kulia. Kufunga huku si kwangu. Ishushe."

"Niishushe kwa ajili ya vifungo?"

"Kwa ajili ya jina langu."

Binti akaeleza kwa adabu kwamba mchoraji wa kisasa ana uhuru wake, labda alitaka tujiulize mwanamume ni nini hasa.

"Mwanamume mwulizeni mtakavyo," akasema Futikamba. "Koti msilisingizie."

Siku tatu chakula hakikumpita kooni. Mkewe akachoka.

"Baba watoto, umeshona makoti mangapi? Hili moja ndilo litakuua?"

"Ndilo lililobaki."

Siku ya nne alivaa koti lake mwenyewe ili akamwone mkubwa wa ukumbi, akasimama mbele ya kioo kirefu cha kibandani kwake kurekebisha ukosi. Nilisikia akiniita kama nyumba inaungua.

"Jirani! Tazama kiooni! Mfuko wangu uko upande gani?"

Mtu wa kiooni alikuwa na mfuko kulia, na koti kalifunga kike.

"Miaka yote hii nawasimamisha watu hapa," akasema, "natazama koti, kioo sijakitazama hata siku moja!"

Tukakibeba kile kioo barabarani, wazee wawili wenye magoti mabovu, magari yakitupigia honi. Ukumbini alikisimamisha mbele ya picha. Ndani ya kioo koti likajifunga kiume, mfuko ukarudi kushoto.

Binti aliweka mkono mdomoni. "Alikuwa anajitazama kwenye kioo," akasema polepole. "Amejichora mwenyewe!"

Wakaitwa wasomi watatu. Walitazama, wakatikisa vichwa kukubali kana kwamba walijua siku zote. Kibao kikabadilishwa: "Mchoraji, picha yake mwenyewe." Futikamba alikisoma, hakuondoka.

"Na koti?"

Binti akachukua kalamu, akaongeza chini: "Koti: Fundi Futikamba."

Kinyozi tulimleta kwa kumshika mkono.

"Kutwa uko mbele ya kioo, shemeji, na hili hukuliona?"

"Mimi natazama vichwa." Alikisoma kibao mara mbili, akakohoa. "Haya, nimekubali. Koti limekaa. Lakini huo uso jamani, mbona kama umeanikwa ungali unachuruzika?"

"Uso sikuushona mimi," akasema Futikamba.