Pedi ya Upande wa Ndani

Natamani ningekataa kutia sahihi karatasi ile. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa fundi wa pikipiki katika karakana ya ofisi moja ya mifugo mjini Garissa. Karatasi ilisema breki za pikipiki tano zimekaguliwa. Nilikuwa nimefungua nne.

Kazi nilifundishwa vizuri. Siku yangu ya kwanza, nikiwa nimetoka Mwingi na cheti cha kidato cha nne, Fundi Mkuu alinipa pedi mbili kuukuu za breki.

"Hizi zimetoka gurudumu moja," akasema. "Moja nene, moja imekwisha. Kwa nini?"

Akanieleza kwamba pedi mbili hubana diski, ile sahani ya chuma ya gurudumu la mbele, moja nje na moja ndani. Vumbi la huku huingia kwenye pini za kalipa, yaani kifaa kinachoshika pedi, na pini zikikwama pedi moja hufanya kazi ya mbili. Kila pedi ina mfereji mdogo, ukifutika, itupe.

"Ya nje utaiona ukiinama tu. Ya ndani, mpaka ufungue."

Namshukuru mzee yule hadi leo. Kazi aliyonipa ilisomesha wanangu wote.

Pikipiki ya tano ilikuwa ya Hussein, mchanjaji wa mifugo, mtu wa Ijara na rafiki yangu wa kwanza pale mjini. Ndiye aliyenifundisha Kisomali na kunizoesha chai ya maziwa ya ngamia. Asubuhi ile msafara wa chanjo ulikuwa tayari, barafu ikiyeyuka masandukuni.

"Fundi, unakagua breki au unaziposa?" Afisa wa Usafiri akauliza, na madereva wakacheka. "Tia sahihi, dawa zinaharibika."

"Bado moja, mkubwa."

"Iangalie hivyo hivyo."

Nikainama. Pedi ya nje ilikuwa na mfereji wake. Nikatia sahihi.

Siku ya tatu, huko Masalani, Hussein aliteremka ukingo wa Tana kuelekea kwenye mitumbwi ya kuvukia. Breki ya mbele ilikwaruza chuma kwa chuma, na ya nyuma peke yake haikuuweza mzigo wa masanduku. Akaanguka, akavunjika mguu. Ofisini wakasema alikuwa anakimbiza.

Nilimfuata hospitalini nikamwambia kila kitu, kisha nikaandika barua ya kukiri. Nilipewa onyo, na Fundi Mkuu alipoondoka cheo chake kilinipita. Hilo silalamikii.

Siku ile hospitalini Hussein alinisikiliza hadi mwisho. "Walaal, mimi nimesamehe," akasema, akiniita ndugu kama zamani. "Mguu ni mambo ya Mungu. Lakini wewe ulijua kuna ya ndani."

"Nilijua."

Alinisamehe kweli. Mke wangu alipojifungua, yeye ndiye aliyetuletea mbuzi, na kila Idi nilikula kwake. Watu wa Garissa walinipokea mgeni wakanifanya mtu wa kwao, na kwa hilo nashukuru kila siku ya kustaafu kwangu.

Mguu ulipona baada ya miezi mingi, akarudi kazini. Kila asubuhi alikuja karakanani, akachukua spana, akafungua kalipa mwenyewe mbele yangu, akatazama pedi zote mbili, akafunga, akaniaga kwa heshima. Alifanya hivyo hadi siku niliyostaafu. Sahihi ile ilinigharimu imani ya rafiki yangu katika kazi ya mikono yangu, na sikuipata tena.