Karatasi za babu na igizo la Mholanzi lililopotea hapa Tabora

Wakuu, habari za mchana. Hili limetokea kwetu Isevya wiki iliyopita na sijatia chumvi hata punje. Kichwa bado hakijakaa sawa, ndiyo maana nimelileta hapa.

Alikuja mama mmoja Mholanzi anatafuta igizo. Padri wa kwao aliliandika zamani, likatafsiriwa Kiswahili, likachezwa na watu wa mjini tu, mafundi na wafanyabiashara, kwenye ukumbi mmoja wa enzi za mkoloni ambao siku hizi ni ghala.

Nakala hakuna, kwao wala hapa. Akasikia marehemu babu yangu, seremala wa Ng'ambo, alikuwemo.

Nikafungua kasha la babu. Karatasi saba, mwandiko wake kabisa.

"Mume wangu, mlango sikuufunga."

"Siku zote hizo sikupata hata salamu yako."

Wakuu, nilichoka. Maneno ya mwanamke, mwandiko wa babu, majibu hakuna. Nikajua mzee alikuwa na mtu pembeni, akawa ananakili barua zake. (Nani ananakili barua za mchepuko? Hata sikujiuliza.)

Bibi yupo hai na anamsifia babu kila siku. Nikazificha chini ya godoro, nikiogopa presha yake.

Nilipomwonyesha mgeni kwa siri, akacheka. Kumbe igizo lilikuwa la watu wawili, mume na mke, na zamani kila mchezaji alinakili maneno yake tu. Na wanawake wa mjini hawakupanda jukwaani. Kwa hiyo babu, na ndevu zake zile, ndiye aliyekuwa mke.

Nikapata nguvu ya kumsomea Bibi. Tukakaa uani, mgeni akawasha simu kurekodi.

Nikasoma mstari wa kwanza. Bibi anapeta mchele, hakuinua hata macho.

"Ningejua hukuufunga, ningerudi mapema," akajibu.

Wa pili, akajibu. Wa tatu, akajibu. Ukumbini hakuwahi kukanyaga, ila ndiye aliyemfanyisha babu mazoezi chumbani, yeye akiwa mume. Miaka yote ananiita "mume wangu" kwa utani wa bibi na mjukuu. Siku hiyo nikawa mkewe.

Tukafika mwisho: "Basi kaa. Chakula kimepoa, lakini nilikuwekea."

Safari hii Bibi akaendelea kupeta tu. Mgeni akamwomba kwa heshima zote, maana bila jibu hilo igizo halijakamilika.

"Hayo mengine chukueni," Bibi akasema. "Hilo hatukuwa tunaigiza."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia nikamletee maji ya kutawadha.

Nikampigia baba. Akasema kabla yeye hajazaliwa Bibi aliwahi kumwacha babu, akarudi mwenyewe kipindi kile babu anafanya mazoezi ya igizo. Zaidi ya hapo hajui.

Nilichojifunza: nilimhukumu marehemu kwa kusoma upande mmoja wa maneno, na naona aibu. Waulizeni wazee wenu wakiwa hai, ila jueni kuna majibu si yenu.

Mgeni amepanda treni na igizo lenye pengo la sentensi moja. Nyie mngembana Bibi, au mngemwacha nalo?