Mashavu ya Gari Jekundu

Jumamosi asubuhi nilinunua samaki aina ya mbuta sokoni Kondele kwa muuza samaki wangu wa siku zote. Niliporudi kupita hapo, nilimkuta ameachia jirani meza yake, anazunguka gari la spoti lililoegeshwa kando ya barabara. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, la zamani, na mwenye gari alikuwa akiliuza.

Mwenye gari aliwasha kwanza redio ya kaseti, kisha akafungua boneti. "Injini safi kama sahani," akasema.

Kweli iling'aa. Muuza samaki hakuisifu. Alipitisha kidole chini ya injini, akakinusa.

"Umeiosha kwa mafuta ya taa."

"Omera, ndugu yangu, usafi umekuwa makosa?"

"Iwashe, halafu tungoje."

Tukangoja, maana nami nilikuwa nimeshasimama kutazama. Gari lilinguruma vizuri, mwenyewe akatabasamu. Kisha tone la oili likadondoka vumbini, likafuatwa na jingine, mpaka pakawa na kidimbwi cheusi.

Mwenye gari alikuna kichwa. "Lakini umejuaje, bwana?"

"Mimi pia nafanya biashara," akajibu kwa fahari, watu wote wakisikia. "Kitu kikichakaa, unakisafisha pale mnunuzi atakapochungulia. Hata mimi samaki wa jana nampaka damu mbichi mashavuni."

Aligeuka, akaniona. Akautazama mfuko wangu.

Anayetaka gari kuukuu aushike ushauri huo, ni mzuri. Mimi niliufungua mfuko palepale, nikachungulia mashavu ya mbuta wangu. Yalikuwa mekundu kuliko gari.