Maji Ndani ya Esansi

Watu walimwita Zuberi Motere. Katika kituo kile cha pamba kando ya Lualaba, upande mto unakoelekea kutoka bandari ya Kasongo, ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kugusa mashine ya mtumbwi. Mwaka 1955 ulimkuta ameiendesha miaka minne. Mzungu wa pamba alikuwa na sheria moja: motere haitoki bila karatasi ya ruhusa yenye sahihi yake.

Siku Emile alipoletwa, mzungu alikuwa amesafiri kwenda Kabambare. Emile alikuwa mkulima wa pamba, na ngiri ya kinena aliyoishi nayo miaka mingi ilikuwa imeshuka tangu alfajiri ikakataa kurudi. Wanaume wanne walimleta kwa machela ya miti, mkewe Emilienne akitembea kando, akimfuta matapishi. Muuguzi wa kituo aliugusa uvimbe, akaukuta mgumu kama jiwe. Alisema Emile apasuliwe Kasongo leo hii, la sivyo utumbo utaoza tumboni.

Kwa kasia, kupanda mto hadi bandarini ni siku nzima. Kwa motere ni saa nne. Zuberi hakuwa na karatasi. Alichota debe moja la esansi, mafuta ya motere, kwenye pipa, akamlaza Emile ndani ya mtumbwi, wakaondoka yeye na mume na mke.

Esansi ya zamani iliyobaki katika tangi iliwafikisha karibu nusu ya njia. Zuberi akaongeza ile ya debe. Haikupita muda, motere ikakohoa, ikanyamaza.

Alivuta kamba ya kuwashia mara kumi, mara ishirini. Akafungua buji, plagi ya kutoa cheche, akaifuta kwa shati, akairudisha, akavuta tena mpaka ngozi ya vidole ikachunika. Mto ulikuwa unawarudisha walikotoka. Ndipo akafungua kabirateri, esansi inapopitia kuingia mashineni, na kumwaga kilichomo kiganjani. Chini ya esansi yalibingirika matone meupe kama shanga. Maji.

Alikuwa na kasia moja tu. Alipiga kwa nguvu zote hadi mtumbwi ukakwama kwenye kisiwa cha mchanga. Akamwaga esansi ya tangi ndani ya debe, akaliweka debe mchangani, akaketi kando yake, mikono magotini.

Emile alikuwa hapigi kelele tena. Hilo ndilo lililomtisha Emilienne, akamgeukia Zuberi.

"Baba Aziza, unakaa? Mume wangu anakufa, na wewe unakaa?"

"Maji iko ndani ya esansi, mama. Inashuka chini polepole. Nikiigusa sasa itachanganyika tena, na hatutafika."

Emilienne aliuliza maji yameingiaje. Zuberi angeweza kusema ni mvua, na asingekuwa amedanganya.

"Ni mimi," akasema. "Mzungu alisema pipa lilazwe. Nililiacha limesimama nje. Mvua ikajaa juu ya kifuniko, ikapenya."

Emilienne alimgeukia mumewe, akamkinga jua kwa kitenge chake. Zuberi alilitazama debe. Hakuwa amewahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Kila Emile alipovuta pumzi, mkono wa Zuberi ulitaka kwenda kwenye debe, naye akaurudisha.

Mwishowe alichota kwa kikombe, juu juu, akimimina kwenye tangi, hadi alipoona shanga za kwanza, akaacha. Ilikuwa imepatikana nusu debe. Akakausha buji, akavuta kamba. Mara ya sita motere ikawaka. Akaiendesha taratibu, akihofia esansi itaisha kabla ya bandari, na akiogopa kutazama nyuma.

Walifika jua likiwa limeinama. Lori la wachuuzi lilimpeleka Emile hospitali, daktari akampasua jioni ileile, akakata kipande cha utumbo kilichokwisha kuwa cheusi. Kwa siku tisa hawakujua kama ataishi. Aliishi, ila hakuweza tena kubeba kikapu cha pamba.

Mzungu aliporudi aliuliza karatasi iko wapi. Zuberi alifungwa wiki mbili, na kazi ikaisha. Alipotoka, Emile alikuja nyumbani kwake akiegemea mkongojo, akaketi naye mchana kutwa, wakaongea habari za mashamba. Emilienne alibaki amesimama barabarani. Zuberi alimtumia kiti na maji ya kunywa. Aziza, binti yake, alirudi navyo vyote viwili.

Mwaka uliofuata Zuberi alihamia Salamabila kutafuta kazi ya mgodini.