Jina la Meli Kwenye Jabali la Qantab

Enzi zetu, na nyinyi wa rika langu mtashuhudia, watoto wa Maskati tulijifunza herufi za Kizungu majabalini. Meli ikitia nanga, mabaharia wake walipanda na rangi nyeupe wakaandika jina lake. La kwetu lilikuwa kijijini Qantab, juu kidogo ya maji: jina la meli ya kijeshi ya kupimia bahari, ambayo kabla ya kuja huku ilishafika ncha ya dunia, kwenye barafu tupu.

Babu yetu Khamis, mzaliwa wa Unguja aliyeoa Qantab, alifanya kazi humo. Ndiye aliyekuwa akitupa bildi, ile kamba yenye uzito wa risasi ya kupimia kina cha maji, na ndiye aliyewaonyesha mwamba uliojificha mlangoni mwa ghuba. Bila yeye wangezama wote. Kila mwaka baada ya Idi alitukusanya wajukuu, na kopo la rangi, na mkate wa kumimina uliokwisha nusu njiani, twende tukalipake upya jina lile. Jua linachoma, magoti yamechubuka, rangi mpaka kwenye nywele. "Pakeni vizuri, meli yetu hiyo!" Alipofariki tukaendelea sisi, miaka yote.

Leo wajukuu zangu hapa Wattaya ukiwaambia wapande jabali watakuuliza kama kuna lifti. Lakini mmoja, Mungu ambariki, kaniletea kitabu cha historia ya meli ile akanisomea. Wallahi nilikasirika! Mbwa waliowavuta mabaharia kule barafuni wametajwa majina, mmoja mmoja. Paka wa jikoni katajwa, na picha yake ipo. Tukafika ukurasa wa Qantab: "Mwenyeji mmoja alituonyesha mwamba." Basi! Paka ana jina, babu yangu hana! Nikamwambia mtoto asome tena, labda karuka mstari. Hakuruka.

Zamani tulipanda kundi zima, tunaimba. Mwaka huu nimepanda peke yangu na magoti haya mabovu, nahema, nagombana na hewa. Jina la meli limefifia, nusu halisomeki tena, nami sikuligusa. Nimefungua kopo nikaandika pembeni yake, herufi kubwa kubwa: KHAMIS. Rangi iliyobaki nimerudi nayo nyumbani, ya mwakani.