Dungu la Gari

Hali ya mambo, kabla mvua hazijaanza, ilikuwa hivi. Mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, alikuwa mkulima wa mahindi na ufuta katika bonde la Rufiji, upande wa Mkongo, na alikuwa na pikapu ya Kijapani. Mkewe, ambaye ni mkaza mjomba wangu na ambaye maisha yangu yote nimemwita mama, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alikuwa amepangiwa siku ya kufanyiwa operesheni ya jicho la kushoto hospitalini Mchukwi, na siku hiyo alikuwa ameisubiri karibu mwaka mzima. Mimi nilikuwa likizoni kutoka chuoni ninakofundisha. Nilikusudia kuandika historia ya aina ile ya gari katika wilaya za Rufiji na Kibiti, kama inavyosimuliwa na wenye magari wenyewe.

Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa wenyewe hawalitaji. Nilipouliza mtu gari lake ni la kampuni gani, alinijibu: "La kwetu." Magari ya kampuni nyingine, nayo pia ya Kijapani, huitwa "ya wenzetu," kwa sauti ileile inayotumika kuwataja watu wanaofunga Ramadhani siku moja baadaye.

Kwa kadiri nilivyoweza kuhakikisha, magari ya kwanza ya aina hiyo yaliletwa na wataalamu wa mradi mmoja wa kilimo, zama mto ulipokuwa bado unavukwa kwa pantoni, na magari ya Kiingereza ya ofisi za serikali yakilala miezi chini ya miti yakingoja spea. Mradi ulikwisha, wataalamu wakaondoka, mavuno hayakuongezeka, magari yakabaki. Yalinunuliwa na wenye maduka wa Kibiti, wengi wao wa asili ya Kihindi, ambao waliona mapema kwamba anayeuza spea za gari fulani anafaidika gari hilo likienea. Mafundi wakajifunza injini ile na hawakuona haja ya kujifunza nyingine. Lilipokuja daraja na baada yake lami, yakaanza kuingia magari yaliyotumika huko Japani, na watu wakayagawa kwa umbo la taa: ya macho ya duara, ya macho ya mraba, na ya macho ya usingizi, ambayo hayaheshimiwi sana.

Kila niliyemhoji aliniambia kwamba gari lake halijawahi kumlaza njiani. Niliyaandika maneno hayo mara thelathini na moja. Baadhi ya walioyasema niliwahoji njiani, boneti ikiwa wazi.

Gari la mjomba lilikuwa la macho ya mraba. Alilinunua kwa mwenye duka la spea mjini Kibiti, mtu aliyezaliwa palepale dukani na ambaye babu yake alikuwa akinunua ufuta kwa babu yangu. Mwaka huo wazee wa bonde walikubaliana, jambo ambalo si la kawaida, kwamba maji yatakuwa mengi. Mjomba akaniambia tufuatane hadi Kibiti kununua misumari mirefu. Dukani akaeleza misumari ni ya nini: anataka kulijengea gari dungu.

Kwa asiyelijua bonde letu, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Mkulima hukaa humo akiwinga ndege na nguruwe, na mto ukifurika, hukaa humo vilevile, akingoja maji yapungue. Watu wamezaliwa madunguni na wengine wamefia humo. Gari halikuwahi kupandishwa.

Mwenye duka aliweka misumari mezani, akamgeukia mjomba.

"Mzee, gari si kuku."

"Kuku anaruka mwenyewe, tajiri. Gari ndilo linahitaji kusaidiwa."

"Lilete hapa basi. Lilale uani kwangu mpaka maji yaishe. Sikutozi kitu."

"Gari likilala kwa muuza spea," mjomba akasema, "huamka na spea nyingine."

"Na ukilala wewe kwa muuza spea?"

"Mimi sina spea anazozitaka mtu."

Wakacheka wote wawili, na misumari ikafungwa katika gazeti. Nilitambua baadaye kwamba lile lilikuwa shauri la maana kuliko yote yaliyotolewa msimu ule, na kwamba lilikataliwa kwa mzaha.

Ujenzi ulichukua siku tisa na uliendeshwa kwa uangalifu ambao ningependa kuuona katika tasnifu za wanafunzi wangu. Mjomba alisoma uzito wa gari katika kadi yake ya usajili, akaugawa kwa uzito wa gunia la mahindi, akapata magunia kumi na manne. Akanunua boriti za mikoko kwa mfanyabiashara mwenye kibali, akasimamisha nguzo kumi na mbili, akatandika mbao nene. Kabla ya gari, alipandisha magunia kumi na manne, akaongeza mawili kwa ajili ya tahadhari, kisha akapanda juu ya magunia yeye mwenyewe na kuruka mara tatu. Dungu halikutikisika. Ndipo tukaegemeza mbao ndefu za kupandia, akaweka gia ya kwanza, na gari likapanda polepole hadi juu, likasimama likiangalia mto.

Kosa halikuwa katika hesabu. Kosa lilikuwa kwamba dungu lilijengwa mahali pa dungu. Katika bonde letu dungu hukaa shambani. Mtu akilijenga karibu na nyumba, watu watamwuliza anaogopa nini. Nyumba ya mjomba imekaa juu ya tuta la udongo, na shamba liko chini yake, umbali wa kutupa jiwe mara mbili. Fundi wa madungu aliyeitwa kusaidia aliuliza tu shamba ni lipi, akaonyeshwa. Mimi, niliyekuwa nimejaza madaftari matatu, nililiangalia gari likiteremshwa kutoka penye mwinuko kwenda bondeni ili liokolewe na maji, na nikaandika idadi ya nguzo.

Aliyeuliza swali ni mkaza mjomba, ambaye kwa wakati ule aliona vivuli tu.

"Siku yangu ikifika, litashuka?"

"Maji huja, hukaa wiki mbili, huondoka," mjomba akasema. "Siku yako iko mbali."

"Mimi nawaza nitangulie Kibiti kwa dada yangu. Nikae kule nisubiri."

"Utakwenda na nini?"

"Na basi, kama watu."

"Mke wangu apande basi, na gari lipo?"

"Lipo juu ya mti, mzee."

"Juu ya dungu."

Hakutangulia. Siku zile nilidhani amekubali. Sasa nadhani alikuwa akimpa mumewe nafasi.

Maji yalikuja mchana, bila haraka, kwa rangi ya chai ya maziwa. Yalifunika shamba, yakapanda tuta, yakafika kipandio cha pili cha baraza, yakasimama. Mahali pa kawaida pa gari, ubavuni mwa nyumba, yalifika nusu ya tairi na si zaidi. Nilipima kwa kijiti. Sikumwambia mjomba matokeo ya kipimo hicho, lakini alikuwa amekwisha kupima na chake.

Kule shambani, mbao za kupandia zilielea siku ya pili na kuondoka. Gari likabaki juu, kavu kabisa, maji pande zote. Kila siku saa moja asubuhi mjomba alipiga kasia hadi kule kwa mtumbwi, akapanda kwa nguzo, akaliwasha gari dakika kumi ili betri isilale, akalizima. Majirani waliizoea ile ngurumo. Mmoja alinieleza kwamba mkewe huteleka chai anapoisikia. Mchana mjomba alikaa ndani ya gari, vioo vikiwa vimeshushwa, akilinda. Yalikuwepo maneno kwamba betri za watu zinaibwa kwa mitumbwi.

Wiki mbili zikapita, na ya tatu. Nyumbani maji yalishuka. Shambani yalibaki kifuani mwa mtu. Ilipobaki siku moja, mkaza mjomba alifunga khanga zake mbili na kadi ya hospitali katika mfuko wa plastiki, akakaa barazani kumngoja mumewe arudi kutoka kule. Alimtambua kwa mlio wa kasia.

"Gari limewaka?"

"Limewaka. Mara moja tu."

"Basi tulipande twende."

Mjomba akashuka majini, akaushika mtumbwi.

"Mimi nakwenda, mzee. Mwanetu huyu atanishika mkono. Wewe linda. Jicho langu halikujengewa dungu."

Hakusema kwa hasira. Mjomba alisimama majini, mtumbwi mkononi, akitazama shambani, kisha akaingia ndani, akatoka na spana namba kumi, akarudi mtumbwini akaondoka. Mkaza mjomba akaniambia: "Haya, amekwenda kukaa na mwenzake. Nipe mkono." Nilimwomba tungoje kidogo. Sikuwa na sababu ya kumpa.

Baada ya nusu saa mjomba alirudi. Alikuwa amepakata betri ya gari, imefungwa katika shuka.

"Sasa hata wakija," akasema, "watakuta bati. Twendeni."

Tulivuka kwa mtumbwi hadi penye barabara, bodaboda tatu zikatufikisha Ikwiriri, na pale tukapata basi. Konda alitaka betri iende kwenye buti.

"Mzee, huo mzigo chini."

"Si mzigo. Ina asidi, ikilala inamwagika."

"Basi ipe siti yake."

"Siti yake ni mimi," mjomba akasema, akaipakata hadi mwisho wa safari, mgongo wima. Mkaza mjomba alikaa dirishani, akicheka chinichini ndani ya mtandio.

Hospitalini, siku ya pili, muuguzi aliyekuwa akiita namba za wagonjwa alisimama mbele ya benchi letu.

"Na huyu mwenye shuka, namba yake ipi?"

"Huyu ni msindikizaji," mkaza mjomba akasema.

Walimpokea saa nne. Operesheni haikuchukua muda mrefu, na mjomba aliutumia wote akiwa amesimama, jambo ambalo katika miaka yangu ya kumfahamu nilikuwa sijaliona kwake isipokuwa kwenye sala. Benchi lilikuwa na nafasi. Betri ilikaa.

Asubuhi iliyofuata walifungua bandeji. Mkaza mjomba alitazama ukuta, akatazama dirisha, kisha akamtazama mumewe, kwa makini, kama mtu anayesoma barua kwa mara ya pili.

"Umekonda," akasema.

"Maji," mjomba akajibu.

"Na ndevu zimekuwa nyeupe zote. Lini?"

"Sikuziangalia."

"Na shuka hilo ni langu."

Mjomba akaliangalia lile shuka kana kwamba ni mtu mwingine aliyelifunga. Akasema ataliosha. Kisha akamwuliza kama anaona vizuri, na sauti yake haikuwa ya kawaida, kwa hiyo nilitoka nje.

Walikaa kwa dada yake Kibiti siku kumi na mbili, kwa sababu ya dawa ya matone ambayo ilitakiwa iwekwe kwa saa maalumu. Mjomba ndiye aliyeiweka. Maji ya shambani yalikauka mwezi uliofuata, mbao mpya zikaegemezwa, na gari likashushwa kwa kinyumenyume, majirani wakitazama. Liliwaka. Mwaka uliofuata mkaza mjomba alifanyiwa operesheni ya jicho la kulia. Alitangulia kwa basi wiki moja kabla ya mvua, na mjomba alikwenda naye.