Waliogonga Chini ya Sakafu Yetu

Jirani yetu alipozungushia pembe ya kiwanja chake maturubai marefu, alisema anachimba choo. Mimi na mume wangu hatukumwamini. Hapa Kolwezi mtu akificha shimo, watu hawafikirii choo, wanafikiria madini ya kobalti. Tunawajua waliochimba ndani ya vyumba vyao mpaka nyumba ya mwenzao ikapasuka ukuta.

Jumapili moja baada ya misa, mchi uliniponyoka ukaanguka sakafuni. Chini ya simenti kitu kikajibu, kwa kugongagonga kwepesi kwa haraka haraka, kisha kimya. Nikaupiga tena mchi. Kikajibu tena. Nikamwita mume wangu, dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Alilala kifudifudi, akagonga kwa ngumi, akasikiliza. Alipoinuka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wachimbaji wa jirani wameshafika chini yetu, na kila wakitusikia wanapeana ishara.

Tangu hapo niliacha kumsalimia yule mama jirani. Alikuwa mjane, muuza makala, yaani mkaa, na ndiye aliyenipeleka hospitali nilipokuwa najifungua. Sasa nilikuwa natazama viatu vya kila aliyetoka kwake, kama vina udongo mwekundu. Vilikuwa nao. Lakini Kolwezi nani hana?

Jumamosi mume wangu akafunga mlango, akashusha mapazia, akavunja simenti kwa mtaimbo. Hatukukuta mtu. Walitoka mchwa, askari wenye vichwa vikubwa vya kahawia. Wengine walimng'ata vidole, wengine walikuwa wanagongesha vichwa vyao kwenye udongo kuwaonya wenzao. Hiyo ndiyo ilikuwa ile sauti. Chini zaidi kulikuwa na vyumba vidogo vyenye joto na unyevu, na katika kila kimoja kitu cha kijivu kilichojikunja kama sifongo, kimejaa chembe nyeupe.

Mama yangu alikuwa mwokota uyoga, kwa hiyo nilijua kwamba lile ni shamba. Mchwa humeza nyasi kavu na miti, kisha hurundika kinyesi chao pale. Kuvu huota juu yake na kulainisha chakula ambacho wao peke yao wangeshindwa kukisaga. Mvua zikianza, shamba hilo hilo hutoa ule uyoga mkubwa tunaouita bowa. Nilimweleza mume wangu yote hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kuchimba. Alisema huenda mchwa wako juu, na watu wako chini yao.

Mlango ukagongwa. Nje alisimama yule jirani pamoja na shefu, kiongozi wa mtaa. Jirani alikuwa amesikia mtaimbo, na alikuwa na hakika kwamba tunachimba kuelekea kwake.

"Mama, munachimba nini?" jirani akaniuliza.

"Hakuna kintu. Ni muchwa tu, banalima bowa."

"Kama ni bowa, juu ya nini mulifunga mulango?"

Nikawaingiza ndani. Shefu alichomeka fimbo shimoni, akaichomoa, akatuambia tuzibe. Jirani aliokota kipande cha lile sifongo, akakinusa, akakirudisha shimoni. Kwa aibu, na kwa hasira pia, nikamwomba anionyeshe nyuma ya maturubai yake. Akanipeleka. Kilikuwa choo kweli, na miti ya kuzibia juu ilikuwa imeshaletwa. Hata hivyo niliinama nikachungulia kuta za lile shimo, nikitafuta njia ya pembeni. Aliniona nikitafuta.

Mvua za kwanza ziliponyesha, bowa zilichomoza kwenye mpaka wa viwanja vyetu. Nilizichuma, nikagawanya, nikampelekea jirani beseni. Alinishukuru kwa upole, akaliweka kando ya mlango. Jioni nilimwona amewasimamisha wanangu kwenye ua. Alikuwa anawauliza kama wao wamekwisha kula zile bowa, na kama tumbo haliwaumi. Walipomjibu, ndipo akawasha mkaa kwenye mbabula yake.